Miwani Iliyojua Kujibu

"Mama, nyumba yako ina utulivu ambao siku hizi ni nadra kuupata," Chaja alisema, na Lenzi akajua papo hapo kwamba hapa kuna jambo.

Chaja hakuwa mtu wa maneno kama hayo. Alikuwa mtu wa kuingia nyumbani kwa watu na kuuliza soketi iko wapi. Ndiko jina lilikotoka: marafiki walimchoka kwa kuomba chaji kila anapoketi, wakamwita Chaja, likamganda mpaka kwenye chaneli yake ya mtandaoni, ambako maelfu ya watu walimfuata wasikie anasemaje kuhusu simu mpya, saa mpya, programu mpya. Angeweza kuizungumzia kamera ya simu mpaka chai ipoe, ipashwe moto, ipoe tena. Lakini utulivu wa nyumba hakuwahi kuuona hata siku moja.

Lenzi alimtazama vizuri. Alikuwa ameketi kwenye kochi la mama, magoti pamoja, shati limenyooshwa, na usoni kavaa miwani nyeusi ya fremu nene. Hiyo miwani Lenzi aliifahamu kuliko mvaaji. Yeye alikuwa fundi miwani, na ndiye aliyezikata lenzi zake dukani, akazisaga kingo na kuzipachika. Kampuni moja ilikuwa imemtumia Chaja aijaribu kabla haijaingia sokoni. Mkononi mwa fremu mlikuwa na spika ndogo, pembeni kamera ya ukubwa wa punje ya mchele, na juu ya kioo cha kulia kulikuwa na kijidirisha ambacho aliyevaa tu ndiye anayekiona. Maandishi yalipita humo.

"Asante," mama alijibu, bila kutabasamu.

Mama alikuwa na haki ya kutotabasamu. Siku Chaja alipoletwa mara ya kwanza, aliiona simu ya mama mezani akashtuka kama aliyeona kidonda. "Mama, programu ya humu ni ya zamani mno. Nikuwekee toleo jipya, ni kitu cha mara moja." Akaliweka. Vitufe vikahama, rangi zikageuka, mlio ukawa wa mtu mwingine. Wiki hiyohiyo dada yake Lenzi, anayeishi mbali, alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Simu iliita asubuhi nzima, mama kaishika mkononi, anaiona inawaka na hajui aguse wapi ipokelewe. Mama, mkunga aliyepokea watoto wa mtaa mzima, akaja kuambiwa na jirani kwamba amepata mjukuu.

"Huyo mwache aoe simu," mama alisema siku ile, na kwa miezi mingi hakutaka jina lake litajwe. Jina la Lenzi lenyewe alilikataa kwa sababu Chaja ndiye aliyelianzisha. Alisema hakuzaa mtoto ili aitwe kioo. Lenzi alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena, hadi mama akakubali huyo kijana aje mara ya pili, mbele ya mjomba, aseme nia yake.

Sasa alikuwa hapa, na alikuwa anaongea kama mtangazaji wa redio.

"Mjomba," Chaja aligeuka, "katika safari zote ulizoendesha, ipi haijakutoka akilini?"

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu mpaka alipostaafu. Akajiweka sawa kitini. Ilionekana wazi hajaulizwa hivyo siku nyingi. Akasimulia daraja lililochukuliwa na mafuriko, abiria wakalala ndani ya basi, na bibi mmoja akawaimbisha wote mpaka kukapambazuka. Chaja aliguna panapofaa kuguna, akauliza kama bibi yule alifika salama. Mjomba akamwangalia dada yake kwa jicho la kusema, mbona kijana mwenyewe mzuri.

Hapo ndipo Lenzi alipoona.

Kabla ya kila swali, macho ya Chaja yalipanda juu kidogo, upande wa kulia, yakatua kwa muda wa kumeza mate, kisha yakashuka. Akimgeukia mjomba, juu kulia. Akimgeukia mama, juu kulia. Wengine wangedhani anawaza. Lenzi mwenyewe ndiye aliyepima pale dukani kijidirisha kile kiangukie wapi mbele ya mboni yake, na mahali penyewe ni hapo.

Alikuwa anasoma.

Alijaribu kujiambia kwamba anakosea, pengine ni woga, pengine taa inamchoma. Mama akaegemea mbele.

"Kijana, nikuulize moja tu. Wewe una vitu vingi vya kukufurahisha, kila siku kinatoka kingine. Mwanangu unamtakia nini?"

Juu kulia.

"Mama, kabla sijamjua maisha yangu yalikuwa na kelele nyingi, lakini sikuwa na pa kurudi. Yeye ndiye nyumbani kwangu. Sikuja kumtoa kwako. Nimekuja kuomba niwe mmoja wa watu wanaompenda."

Mama aliweka kikombe chini. Akapitisha kidole chini ya jicho, haraka, kama anayefuta vumbi.

"Haya," alisema taratibu. "Haya, mwanangu."

Mwanangu. Lenzi alikuwa ameingoja siku hiyo mpaka akakata tamaa, na sasa imefika alitamani kuitupa dirishani.

"Chaja," alisema, akiinuka. "Njoo unisaidie sinia."

Jikoni alifunga mlango kwa kisigino.

"Vua."

"Nivue nini?"

"Unajua."

Chaja aligusa fremu lakini hakuivua. "Lenzi, mambo yanakwenda vizuri huko. Umemwona mama?"

"Nimemwona mama analia kwa maneno ya mashine. Ulianza lini?"

"Leo." Akatazama chini. "Na juzi kidogo."

"Juzi." Lenzi alishika ukingo wa sinki. Juzi walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya duka, yeye amechoka, na Chaja akaishika mikono yake akamwambia maneno ambayo alirudi nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo. "Yale ya juzi kuhusu mikono yangu?"

Chaja aliangalia mlango.

"Chaja, nakuuliza."

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile ya mwanzo ilikuwa yangu. Kwamba mikono yako inanuka ile dawa ya kusafishia vioo."

"Na ile nzuri?"

"Ile nzuri ilikuwa yake."

Lenzi alicheka kicheko kisicho na furaha yoyote. Kulikuwa na vikombe vya kuosha. Akafungua bomba, akalifunga.

"Sikiliza," Chaja alisema, na sauti ikaanza kupata moto bila yeye kujua. "Sisemi nimefanya vizuri. Lakini programu yenyewe, tuseme ukweli, ni ya ajabu. Inasikia sauti ya mtu, inajua kama amekasirika au ana huzuni, inakupa neno la kusema kabla hajamaliza. Toleo la nyuma lilikuwa linachelewa, unabaki umetoa macho tu, lakini hili jipya..." Alijisikia, akakatiza.

"Endelea," Lenzi alisema. "Niambie na betri."

"Betri ni dhaifu," alisema kwa sauti ndogo.

"Unaniudhi. Hujui unavyoniudhi. Nikikasirika unanisomea sifa za kifaa. Saa ile ya mkononi uliyonivalisha ilikuwa inakuambia mapigo yangu ya moyo yamepanda, ukaniuliza kama ninaumwa, kumbe nimekukasirikia wewe. Ile spika uliyoniletea ikawa inaitikia kila nikiongea na dada yangu. Nikavumilia. Nikasema ndiye yeye, ndivyo alivyo. Lakini hili?"

"Ningefanyaje?" Chaja aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kutojua la kusema. "Mara ile nilifungua mdomo mwenyewe. Uliona kilichotokea. Mimi nikifungua mdomo zinatoka simu. Mama yako aliniangalia kama mtu aliyeingia kuiba. Nilijiambia nikikosea tena, ndiyo basi. Niliogopa nitakukosa."

"Huo mdomo wako unaozalisha simu mimi nimeusikiliza muda wote huu na sijaondoka. Ulikuwa mbaya lakini ulikuwa wako. Ukisema umenikumbuka, nilijua umenikumbuka. Sasa nitajuaje? Leo ukiniambia pole, nitakuwa naangalia macho yako yamekwenda wapi."

Akanyoosha mkono. Chaja aliivua miwani, akaiweka kwenye kiganja chake, na Lenzi akaiweka juu ya meza kando ya kopo la sukari. Bila miwani, macho ya Chaja yalikuwa makubwa kuliko watu walivyodhani. Vioo vya asiyeona mbali huyafinya. Ni wachache waliowahi kuyaona yalivyo. Lenzi aliyaona mara ya kwanza siku anampima, akampima tena bila sababu, kwa ajili ya kuyaona tu. Akageuza uso. Hakutaka hasira imtoke mapema.

"Nenda kawaambie."

"Sasa hivi?"

"Sinia hiyo hapo."

Chaja alibeba sinia, akagonga bega kwenye mlango, akafika sebuleni na vikombe vinalia. Wakati huohuo mjomba alikuwa anaelekea jikoni kutafuta maji ya kumezea vidonge vyake, wakapishana. Chaja aliketi, akainuka, akaketi tena mahali ambapo hapakuwa pake.

"Mama, kuna jambo nataka kusema."

"Sema tu, mwanangu. Mbona umevua miwani?"

"Ndilo lenyewe. Mimi..."

"Jamani, hii miwani inaandika."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, glasi ya maji mkono mmoja, na usoni ile fremu nene. Alikuwa ameinua kidevu, amefinya macho.

"Kuta zote zinacheza," alisema, "lakini hapa juu pana maandishi safi kabisa. Ngoja." Akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama alivyokuwa akisoma vibao vya barabarani. "Mwanamke mwenye umri mkubwa ana wasiwasi. Sifu kitu nyumbani kwake." Akashusha kidevu. "Mwanamke mwenye umri mkubwa ni nani? Dada, hii si ni wewe?"

"Mjomba, ivue," Lenzi alisema.

Lakini mjomba, akiishika isianguke, alipapasa mkono wa fremu, na maandishi ya nyuma yakarudi. "Hapa tena. Mwanaume mzee anapenda kusimulia. Muulize..." Sauti ilipungua. "Muulize safari zake za zamani. Onyesha kwamba unajali."

Akaivua mwenyewe. Aliikunja polepole, akaiweka juu ya televisheni.

"Kumbe uliambiwa uniulize," alisema.

Mama alikuwa amekaa wima kabisa.

"Na yale uliyoniambia mimi?"

Chaja alisimama. Alikuwa anamtazama mama lakini Lenzi alijua kwamba kutoka pale uso wa mama kwake ni ukungu tu.

"Yalikuwa ya miwani, mama."

"Yote?"

"Maneno yote. Kwamba namtaka binti yako, hilo halikutoka humo."

"Basi niambie wewe. Kwa mdomo wako. Unamtakia nini?"

Lenzi akaanza kumwonea huruma, na huruma yenyewe ikamwudhi. Chaja alifungua mdomo, akaufunga. Macho yake yalizunguka chumbani yakitafuta pa kushika, yakakosa.

"Nikiwa naye," alisema mwishowe, "nasahau kuangalia chaji imebaki kiasi gani."

"Imebaki nini?"

"Chaji, mama. Ya simu."

Mjomba alikohoa ndani ya glasi.

"Sijui kulisema vizuri," Chaja aliendelea, jasho limemtoka kipajini. "Kila mahali nikikaa nafikiria nitaondoka saa ngapi, na kuna soketi wapi. Nikiwa dukani kwake siwazi hivyo. Simu inazimika na sina habari. Na kuhusu simu yako, mama. Sikuwahi kukuomba radhi. Nilijiambia kosa ni la programu. Kosa lilikuwa langu, sikukuuliza kama unataka. Mjukuu wako alizaliwa na hukusikia kwa sababu yangu. Naomba unisamehe. Na wewe, mjomba. Ni kweli niliambiwa niulize. Lakini kusikiliza nilisikiliza mwenyewe. Yule bibi aliyeimba, nilitaka kweli kujua kama alifika."

Mjomba aliacha kukunja uso.

Mama aliinuka, akaanza kukusanya vikombe ambavyo chai yake haijanywewa.

"Nenda nyumbani, kijana," alisema. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

Chaja alitafuta viatu vyake mlangoni kwa kupapasa, akavaa, akatafuta kitasa upande usio na kitasa. Lenzi alimtazama akihangaika. Akashusha pumzi ndefu, akachukua miwani juu ya televisheni akaitia mfukoni, akachukua na funguo za duka.

"Kwa hali hiyo hawezi hata kuvuka barabara," alimwambia mama.

"Basi mvushe," mama alijibu bila kugeuka.

Kwenye ngazi alimshika kiwiko. Alikuwa na hasira mno kumshika mkono.

"Tunakwenda wapi?"

"Dukani."

"Nivae tu ile, nitaizima."

"Ile huivai tena mbele yangu, ikiwa imezimwa au imewashwa. Kanyaga hapa. Ngazi ya mwisho."

Duka lilikuwa limefungwa kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Lenzi alifungua, akawasha taa ya chumba cha kupimia, akamkalisha kwenye kiti. Alimvalisha ile fremu ya chuma ya majaribio, akaanza kutumbukiza vioo kimoja kimoja.

"Herufi za juu. Kioo cha kwanza ni bora au cha pili?"

"Cha pili."

"Sasa?"

"Vyote sawa. Lenzi, nitawarudishia miwani yao."

"Usitikise kichwa. Utawaambia nini watu wako mtandaoni?"

Chaja alifikiri. "Nitawaambia inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Na kwamba niliivaa nyumbani kwa watu ninaowaheshimu, nikatoka nikiona aibu."

"Hilo nalo utalifanyia video?"

"Si lazima nilifanyie."

"Usilifanyie. Hiki je?"

"Hiki safi. Naona mpaka mstari wa chini."

Simu ya Lenzi ikaita mfukoni. Ilikuwa mama. Alitaka kutoka nje apokee, lakini mkono mmoja ulikuwa umeshika fremu usoni kwa Chaja. Akapokea hapohapo, na sauti ya mama, iliyozoea kuwaita watu kutoka vyumba vya mbali, ikajaa chumba.

"Huyo mtu alifika? Hakuanguka kwenye ngazi?"

"Hakuanguka. Yuko hapa namtengenezea miwani."

Bomba likafungwa upande wa mama. "Miwani ya kawaida?"

"Ya kawaida."

"Mwambie jibu lake la pili lilikuwa baya sana. Maisha yangu yote sijasikia mtu anaomba mke kwa habari za chaji."

"Atakuwa amesikia, mama."

"Mjomba wako anasema lilikuwa bora kuliko la kwanza. Mimi sijasema hivyo." Kikombe kiligonga kikombe. "Wiki ijayo aje alirekebishe. Na bibi yule alifika salama, mjomba wako anataka huyo kijana ajulishwe."

Simu ikakatwa. Chaja alikuwa ametulia kama mtu anayeogopa kutingisha kitu kisimwagike.

Lenzi alichagua fremu nyepesi ya kahawia, akaingia chumba cha nyuma, akazikata lenzi. Mashine ya kusagia ililia muda mrefu, na alifurahi kuwa na kelele ya kumfunika. Alikuwa amechoka. Alimchoka huyu mwanaume na mawaya yake na matoleo yake mapya, akachoka kujua kwamba kesho kutatoka kitu kingine na atakuja amekishika kama mtoto aliyeokota ndege. Na bado mikono ilikuwa inasaga kingo za lenzi taratibu, kwa uangalifu, zisije zikamkwaruza.

Alirudi, akamvalisha. Akainama kukaza skrubu ya upande wa kushoto, kisha ya kulia, akavuta nyuma kuangalia kama imekaa sawa. Macho ya Chaja yalikuwa yanamtazama. Hayakupanda popote.

"Leo nzima umemwomba mama," Lenzi alisema. "Umemwomba mjomba. Juzi ulinisomea. Mimi mwenyewe hujaniuliza."

Chaja aliishika mikono ya Lenzi, akaiachia, akaishika tena.

"Nina... Sikupanga. Nilitaka kukuuliza siku ambayo nitakuwa na neno zuri." Akasita, na Lenzi hakumsaidia. "Sina neno zuri. Utakubali nikuoe?"

Lenzi alimwacha akae na swali lake. Aliangalia kama angeongeza kitu, angetafuta kitu, angeomba radhi kwa kuliuliza vibaya. Chaja alikaa tu, amekunja mabega, anangoja.

"Nakubali," alisema. "Sasa usinisemeshe mpaka nifunge duka. Bado nimekasirika."

Chaja alifungua mdomo, akaufunga. Akainuka, akazima taa ya chumba cha kupimia, akaenda kusimama mlangoni, na hakusema kitu. Lenzi alifunga kufuli, akalivuta kuhakikisha, kisha akampa mkono, safari hii mkono wenyewe, wakavuka barabara.